Mwaka Taa za Hospitali Zilipopumua

Vijana wangu mnaosoma umeme na mitambo, nianze kwa kukiri jambo ambalo fundi mstaafu hapendi kulikiri. Nilifanya kazi ya kudhibiti mitambo kwa miaka thelathini na kitu, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa sielewi vizuri ninachokifanya. Mungu alinivumilia. Mitambo mingi pia ilinivumilia. Mmoja haukunivumilia, nao ndio nataka niwaeleze, kwa sababu nusura umfukuzishe mtu asiye na kosa kutoka kwenye nyumba pekee aliyokuwa nayo, na maneno ya kumfukuzia niliyaandika mimi.

Ulikuwa mtambo wa maji wa hospitali ya misheni, juu kule migombani, mahali ambapo asubuhi ukungu hushuka mpaka mlangoni. Maji yalitoka mtoni kwa mfereji, yakaingia bombani, yakazungusha turbini, turbini ikazungusha jenereta. Kazi yangu ilikuwa kushughulikia kile kifaa kinachoongoza mwendo, ambacho sisi mafundi tulikiita gavana. Gavana ina mipira miwili ya chuma inayozunguka. Mwendo ukizidi, mipira hutanuka, mkono husogea, lango la maji hufungwa kidogo. Mwendo ukipungua, lango hufunguliwa. Basi. Ukiielewa hivyo unaweza kulala usingizi. Matatizo huanza ukitaka kuielewa zaidi.

Mwendeshaji wa mtambo aliitwa Mzee Aloisi. Alikuwa mtoto wa katikati katika ndugu watano wa kiume. Wale mliozaliwa Uchagani mnajua maana yake: mkubwa hutafutiwa sehemu yake, kitindamimba hubaki na kihamba, shamba la migomba la baba, wa katikati anajitafutia mwenyewe. Mzee Aloisi hakuwa na mgomba hata mmoja wa kuuita wake. Alichokuwa nacho ni chumba kimoja na jiko, ubavuni mwa nyumba ya mtambo, alichopewa na hospitali kwa sababu ya kazi. Akiachishwa kazi, anaachishwa na chumba. Wote tulilijua hilo, na mimi nililijua.

Sasa, miaka ile soko huria lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Ninyi hamkuona miaka ya nyuma yake, wakati fundi akihitaji mkanda wa mashine anaandika barua, anasubiri, anaandika nyingine, na mwisho anashona ule wa zamani. Mkanda uliozungusha gavana yetu ulikuwa wa ngozi, umekatika mara nyingi, umeunganishwa kwa vyuma vidogo. Kila ukizunguka, kile kiungo kilipita kikigonga: tak, tak, tak.

Mzee Aloisi alikuwa amekutumia kugonga kule kwa akili yake. Alisimamisha ubao mwembamba karibu na mkanda, kiungo kikawa kinaugonga. Kutoka kwenye ubao alifunga kamba ya mgomba mkavu, akaipitisha kwenye mkono wa gavana, kisha akaifunga kwenye kopo la maziwa ya unga lenye vijiwe ndani. Mtambo ukitembea, kopo lilicheza mchana kutwa. Hospitali nzima iliita kitu hicho kengele ya Aloisi. Alikifanya kwa sababu kanisa lilikuwa mita mia moja kutoka pale, naye alitaka kwenda Misa huku akisikia kama mtambo unatembea. Kopo likinyamaza, Mzee Aloisi alitoka kanisani mbio, hata kama ni wakati wa kuinua Mwili wa Bwana.

Siku moja nikaja kutoka Moshi mjini na gari la hospitali, nimejaza vitu vipya. Maduka yalikuwa yamefurika. Nilikuwa na mkanda mpya wa mpira usio na kiungo, grisi nzito ya kopo zima, rangi ya kijani, na majivuno. Nikafunga mkanda. Nikapaka grisi kila pini inayounganisha mkono wa gavana na lango la maji. Nikaikata ile kamba, nikautupa ubao, nikalipiga teke kopo.

"Fundi, hilo kopo langu," akasema Mzee Aloisi.

"Mzee wangu, hii ni nyumba ya mtambo, siyo banda la kuku. Mtambo sasa hauna kelele. Sikiliza!"

Akasikiliza, ameinamisha kichwa. "Sisikii kitu."

"Ndiyo uzuri wenyewe."

Jioni ile taa za hospitali zikaanza kupumua.

Neno hilo si langu, ni la wauguzi. Taa ilififia polepole, ikawaka polepole, ikafifia tena, kama kifua cha mtu aliyelala. Kila pumzi sekunde nane hivi. Haikuzidi, haikupungua. Kwenye chumba cha upasuaji daktari alishona mwanga ulipopanda na kungoja uliposhuka. Maabara wakaacha kutumia darubini. Sista Yustina, msimamizi wa hospitali, mwanamke mfupi ambaye hakuwahi kupandisha sauti na ndiyo maana tulimwogopa, aliniita mwezi ule mara nne.

Mtaniuliza, fundi, hukuona kwamba tatizo lilianza siku uliyobadilisha mkanda? Wanangu, niliona na sikuona. Wiki ile ile mvua za vuli zilianza, mto ukaleta matope, na watu wa juu wakawa wanagombania zamu za mfereji. Kila mtu alikuwa na mchawi wake. Mzee Aloisi mwenyewe aliniambia, "Ni tangu ulete huo mkanda." Nikamjibu kwamba kitu kipya na kizima hakiwezi kuharibu kitu kizima. Nilivyosema ilikuwa kama sehemu ya Kanuni ya Imani.

Basi nikaamua kufanya kazi kisomi. Mkiwa chuoni mtafundishwa hivi: ukitaka kuujua mtambo, utikise. Utikise taratibu, kisha haraka zaidi, kisha haraka zaidi tena. Kila mara andika mambo mawili: umeitikia kwa ukubwa gani, na umechelewa kiasi gani. Ukiyaweka hayo kwenye karatasi ya grafu unapata mstari uliopinda, na kwa mstari huo unaweza kusema kama mtambo utatulia au utayumba. Ni njia nzuri sana. Lakini ina sharti: kwamba ukiutikisa mara mbili zaidi, nao uitikie mara mbili zaidi. Sharti hilo nililisoma, nikalijibu kwenye mtihani, nikapata alama, nikalisahau.

Tulifanya kazi hiyo siku tatu, mimi na Mzee Aloisi. Mimi nilishika mkono wa gavana, nikaupeleka mbele na kuurudisha nyuma. Yeye alisimama kwenye lango la maji akiangalia alama tulizochora kwa chaki. Saa yangu mshale wa sekunde ulikuwa unaruka, kwa hiyo akatoa rozari yake, akahesabu kwa punje, kwa mwendo ule ule alioutumia miaka yote. Nawaambia ukweli, alikuwa sahihi kuliko saa. Sista Yustina akapita mlangoni.

"Mnasali au mnatengeneza?"

"Vyote, Sista," akajibu Mzee Aloisi bila kuacha kuhesabu.

Matokeo yalinichanganya. Nilianza kwa kutikisa kidogo, kwa heshima, nisiwasumbue wagonjwa. Lango halikusogea kabisa. Nikaongeza kidogo. Likasogea, lakini nusu ya nilivyotarajia, na kwa kuchelewa sana. Nikatikisa kwa nguvu. Likafuata vizuri, karibu sawasawa, bila kuchelewa kwa maana. Mwendo wa mkono wangu ulikuwa ule ule, punje zile zile, mtambo ule ule. Ila kila nikibadilisha ukubwa, napata jibu jingine. Badala ya mstari mmoja kwenye karatasi nikawa na mitano, imetawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe.

Nikafanya kosa ambalo ndilo nimeandika haya yote ili msilifanye. Nikachukua mstari mmoja, ule wa kutikisa kwa nguvu, kwa sababu ulifanana na wa kitabuni. Mingine minne nikaiita makosa ya kupima. Nikaupigia hesabu mstari ule mmoja, na hesabu ikasema mtambo umetulia. Nikarudia mara mbili. Umetulia. Huku nje taa zinapumua.

Kama mtambo ni mzima na taa zinapumua, nikawaza, basi kuna mtu anauchezea. Nikaandika ripoti kwa kamati ya hospitali. Niliandika kwamba vifaa vyote ni vipya na vizima, na kwamba kuyumba kwa umeme kunatokana na uangalizi hafifu wa mwendeshaji, ambaye umri umemwelemea. Nakumbuka nilivyotafuta neno la heshima, nikapata "umemwelemea", nikafurahi. Kamati ikapanga kukaa baada ya Noeli. Habari zilishaanza kuzunguka kwamba watanunua jenereta la dizeli kuukuu kutoka kwa mfanyabiashara wa Himo, na Mzee Aloisi ataombwa arudi kwao. Hakuna aliyesema kwao ni wapi.

Noeli ikafika. Mnajua wenzetu wanavyopanda kuja nyumbani, kila njia ina gari la mjini. Shemeji yangu Pauli, kaka wa mke wangu, alikuwa anafundisha uhandisi Dar es Salaam. Siku ya pili ya sikukuu alikaa mezani kwangu mbele ya sahani ya machalari, ndizi zetu za kupikwa na nyama, nami nikamtolea ile karatasi ya mistari mitano, nikitaka anihurumie tu.

Akaacha kula. "Shemeji, hii umeipima wewe?"

"Mimi na mzee mmoja na rozari."

"Ni nzuri sana. Mbona minne umeikata kwa kalamu?"

"Ni makosa ya kupima."

"Ni makosa gani haya yaliyopangika namna hii?" Akanionyesha kwa uma. "Ukitikisa kidogo, unapata kidogo mno na unachelewa mno. Ukiongeza, unapata zaidi na unachelewa kidogo. Pini zako zimelika, shemeji. Zina mchezo, pana uwazi kati ya pini na tundu lake. Na grisi yako ni nzito, inang'ang'ania. Mkono husogea kwanza bure ndani ya ule uwazi, ndipo unalivuta lango."

"Ninajua zina mchezo. Mchezo wa unene wa ukucha!"

"Basi kwa mtikisiko wa unene wa ukucha, gavana yako haipo."

Akageuza karatasi, akaomba penseli ya watoto. Akanichorea mstari mmoja wa turbini, maji na gurudumu zito, unaobadilika kwa kasi ya mtikisiko. Kisha akachora mstari wa pili wa pini zilizolika, na huu haukufuata kasi, ulifuata ukubwa. Mistari miwili ikakatana. Akaweka kitone pale.

"Hapa ndipo taa zako zinakaa. Hazizidi, kwa sababu zikizidi gavana inapata nguvu na kuzirudisha. Hazipungui, kwa sababu zikipungua gavana inapotelea kwenye mchezo. Kitone hiki kinakuambia pumzi ni kubwa kiasi gani na inachukua muda gani." Akapiga hesabu pembeni mwa karatasi. "Sekunde tisa hivi."

"Nane," nikasema. Mtu huyu hakuwahi kuuona mtambo.

Nisidanganye kwamba nilielewa. Nilielewa kitone. Nilielewa kwamba mistari yangu minne niliyoikata ndiyo ilikuwa na habari, na ule mmoja nilioutunza ulikuwa hauna. Mengine yalinipita. Nikamuuliza dawa ni nini. Akasema kubadilisha pini zote, au kuilegeza gavana iwe mvivu, "au wengine huutetemesha mkono makusudi. Kidogo kidogo, haraka haraka, wakati wote. Mkono ukiwa unatetemeka haupati nafasi ya kung'ang'ania, na lango huona wastani tu." Kisha akarudi kwenye sahani yake. "Kabla ya kuyumba, hakukuwa na kitu chochote kinachoutikisa?"

Mke wangu anasema nilibaki na kijiko hewani mpaka akaniuliza kama naumwa jino.

Hapo ndipo mtihani wangu wa kweli ulipoanza, na haukuwa wa hesabu. Ningeweza kupanda kimyakimya, nikarudisha ubao na kopo, taa zikatulia, nikasema nimerekebisha. Ningesifiwa. Lakini ripoti ingebaki mezani, na ndani yake mzee anayeelemewa na umri. Nilikuwa nimepokea Ekaristi jana yake tu. Sikuona pa kupita.

Kamati ilikaa watu saba, Sista Yustina mbele. Mzee Aloisi alikuwa ameitwa, amevaa koti, kofia mapajani. Nikaomba kusema kabla ripoti haijasomwa.

"Sista, ile ripoti si ya kweli."

"Umeiandika wewe, Fundi."

"Ndiyo. Mtambo niliuharibu mimi. Nilitoa kengele ya Mzee Aloisi."

Mjumbe mmoja akacheka, wengine wakafuata. Sista Yustina hakucheka. "Unataka kamati iandike kwamba umeme wa hospitali ulikuwa unashikiliwa na kopo la maziwa?"

"Kopo halina kazi, Sista. Ni kamba. Siyo kamba hasa, ni mtetemeko." Nikaanza kueleza, nikajikanyaga, nikachora hewani mstari wa kwanza na wa pili. Niliona macho yao. Ndivyo macho yangu yalivyokuwa mezani kwa shemeji.

"Mzee Aloisi," akasema Sista, "ulijua kwamba kengele yako inatuliza taa?"

Wanangu, angeweza kusema ndiyo. Chumba chake kilikuwa kwenye jibu hilo.

"Hapana, Sista. Niliiweka nisikie. Padre alipolalamika kelele, mara mbili nilitaka kuitoa."

Sista akainuka. "Twendeni tukaone."

Tukateremka wote. Kiungo cha mkanda hakikuwapo tena, kwa hiyo nilikuwa nimefunga kipande cha ngozi juu ya mkanda mpya kiwe kinagonga, na nimesimamisha ubao mwingine. Kamba nilimwachia Mzee Aloisi. Akachuna mgomba mkavu nje, akausokota juu ya paja, akafunga pale pale alipofunga miaka yote, na kopo akalifunga pia, ingawa nilimwambia halihitajiki. Balbu iliyokuwa juu yetu ilipumua mara moja, ikapumua tena kidogo, ikasimama. Sista Yustina akamwomba afungue kamba. Ikapumua. Akamwomba afunge. Ikasimama. Alirudia hivyo mara tatu, kama Tomaso, na mara ya tatu akasema, "Inatosha. Kamati imeona."

Mzee Aloisi akabakishwa kazini na chumbani. Dizeli haikununuliwa mwaka ule. Pini tulizichonga upya baadaye, Moshi mjini. Mimi nilipewa onyo la maandishi, ninalo mpaka leo, limeandikwa vizuri.

Nitoke nje ya njia kidogo niwaambie la kazi. Unapotikisa mtambo wowote, andika pembeni ya kila jibu umeutikisa kwa ukubwa gani. Siku hizi kompyuta itawachorea mistari hiyo kwa kufumba na kufumbua, lakini isipoambiwa ukubwa itawachorea ule mmoja niliouchora mimi, na utapendeza. Na pini msizipime kwa macho. Shika mkono wa gavana kwa vidole viwili, funga macho, usukume na kuuvuta. Mchezo utausikia kwenye kucha kabla hujauona.

Jioni ya siku ile ya kamati nilichuma jani la isale. Kwetu, ukimpelekea mtu jani hilo hawezi kukataa kukusikiliza. Nikamkuta mlangoni pake akimenya ndizi.

"Shikamoo, Meku," nikamwita kama tunavyowaita wazee kwa Kichaga.

"Marahaba." Akalichukua jani, akaligeuza, akaliangalia upande wa pili kana kwamba pana maandishi. "Nimepokea. Lakini Padre akisikiliza dhambi anatoa kitubio. Na mimi natoa."

"Toa."

"Miaka yote hii sijawahi kusikiliza Misa. Nasikiliza kopo. Jumapili ukae hapa wewe."

Jumapili nikakaa. Alivaa koti na tai, akanionyesha kigoda chake, mbele ya mita ya volti, akaniambia nisiguse kitu. Kanisani wakaanza kuimba. Mimi nilikuwa na ile karatasi ya shemeji, nikaifungua magotini, kopo likicheza karibu na sikio langu. Nikaufuata mstari wa kwanza, nikaufuata wa pili, nikafika kwenye kitone. Mpaka hapo naona. Kisha nikatazama kamba inayoruka bila kupumzika, nikatazama mshale wa mita uliosimama kama umegandishwa, nikajaribu kuunganisha hivyo viwili kichwani, vikakataa. Nikaanza upya. Wakati wa Komunyo nilikuwa bado naanza upya, nikamshukuru Mungu kwa yale machache niliyopewa.

Misa ikaisha. Watu wakapita njiani na watoto wao, wakanisalimia kupitia dirishani wakicheka. Mzee Aloisi hakuja. Wakapita wa mwisho, wakapita wanakwaya. Akaja jua limeshapanda, tai iko begani.

"Meku, Misa imeisha zamani."

"Najua. Nimekaa mpaka matangazo. Sijawahi kusikia matangazo mimi. Kumbe yule binti wa katekista anaolewa!"

Akaangalia mshale, akaangalia kopo, akavua koti na kulitundika kwenye msumari wake.

"Haya," akasema. "Toka kwenye kiti changu."

Nikatoka.